Mtoto wa Tano

Dada Damari,

Mbukwa. Ndivyo ulivyonifundisha kuamkia kwa Kigogo, nami nikawa nakwepa kwa sababu ulimi wangu wa Kirangi ulilivuruga neno na wadi nzima ikacheka. Leo nakuamkia mimi kwanza. Shikamoo sikupi, maana siku ile ya kwanza nilikupa ukaikataa. Ulisema mwanamke aliyejifungua leo hawezi kumwamkia aliyejifungua jana wakati vitanda vyenyewe vimegusana.

Kazi yangu unaijua, napiga chapa barua za watu wengine. Nimeandika "tunasikitika kukujulisha" mara nyingi mpaka vidole vinakwenda vyenyewe bila mimi. Hii naiandika kwa mkono, na karatasi mbili nimeshazichana. Salma ndiye atakayekusomea, Jumamosi, kwenye arobaini yako, hapo hapo ulipolala. Nimemwambia asome kwa sauti na asiruke kitu, hata pale mama yake anapoonekana mbaya. Hasa pale.

Salma ni yule Kiberiti wako. Ana miaka kumi na mitano sasa, yuko kidato cha pili, na amenizidi urefu. Lakini ngoja nianze tulipoanzia, kwa sababu hata yeye hajayasikia yote kwa mpangilio.

Ulikuwa mwaka ule serikali ilipopunguza wafanyakazi. Mume wangu alikuwa karani wa stoo, akapata barua ya kupunguzwa, na barua yenyewe niliipiga mimi kwa vidole vyangu. Akachukua kiinua mgongo chake akaenda Dar es Salaam kununua marobota ya mitumba, maana ilikuwa miaka ya ruksa na kila mtu alikuwa anajaribu biashara. Mimi huku nyuma nina mimba ya miezi saba, mama mkwe yuko Kondoa, ndani ya nyumba niko peke yangu. Tumbo likanishika Jumanne nikiwa kazini, katikati ya barua. Dereva wa ofisi akanikimbiza hospitali, na kabla ya alasiri nimeshajifungua kitu ambacho sikujua nikiite nini. Kilo moja na robo. Masikio yamelala, miguu kama vidole vyangu. Nilisikia mhudumu mmoja akisema, "Njiti mwingine huyo," na Sista Agnesi akamviringisha kwenye pamba akakimbia naye.

Wewe ulikuwa umeshafika tangu jana yake, na wako wa kiume. Kile chumba cha joto kilikuwa na chupa mbili za kulazia njiti, lakini moja ilikuwa imekufa zamani na wanawekea pamba juu yake. Kwa hiyo walilazwa wawili kwenye chupa moja, kichwa huku, kichwa huku, na kila mmoja na plasta mguuni. Mtoto wa Damari. Mtoto wa Zaina. Umeme ukikatika Sista Agnesi anajaza maji ya moto kwenye chupa za soda, anawazungushia kama anaatamia mayai, na sisi nje ya kioo tunashika kanga zetu kwa meno. Wewe mwanao hukumpa jina, ulisema jina liko kwa baba yake, linamsubiri nyumbani. Ila wangu ulimpa, tena hukuniuliza. Ulisema njiti ni za kiberiti, basi huyu ni Kiberiti, ataiwasha nyumba yenu moto.

Jamani, ulivyokuwa unanichekesha. Na mimi sikuwa na hata chembe ya kicheko.

Kila baada ya saa tatu Sista aligonga kioo kwa kijiko, akina mama tukapanga foleni na vikombe vyetu vya bati, kila kikombe na jina lake. Unakamua, unampa Sista, yeye anavuta kwa bomba la sindano na kumtilia mtoto kwenye mpira uliopita puani. Kiasi chenyewe hakijazi hata kifuniko cha soda. Na mimi hicho kifuniko kilinishinda. Nilikamua mpaka matiti yakawa mekundu, hakuna. Siku ya kwanza hakuna, siku ya pili hakuna. Makopo ya maziwa yalikuwa yamejaa madukani miaka ile, lakini mume wangu alikuwa na marobota yake Dar na mimi nilikuwa na kanga mbili na nauli. Sista akaniuliza mbele za watu mtoto atakunywa maji ya sukari mpaka lini. Nikainama nikalia ndani ya kikombe.

Sheria ya chumba kile tuliambiwa tangu tunaingia, kila mtoto na maziwa ya mama yake. Wewe uliisikia kama nilivyoisikia mimi. Ukanyoosha mkono ukachukua kikombe changu, ukageukia ukutani, ukajifunika kanga. Ulipogeuka kilikuwa na maziwa, yana povu, ya moto. Ukasema, "Mpe. Na usilie tena humo, utamtilia chumvi."

Nilikipeleka. Sista Agnesi akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akatazama gauni langu kavu kifuani. Halafu akageuka kunawa mikono, na siku hiyo alinawa muda mrefu sana.

Salma, hapo ndipo ulipoanza kuishi. Usinikatize, endelea kusoma.

Ulikuwa unakamua vikombe viwili, dada, chako na changu, mchana na usiku. Ndugu zako wakikuletea uji wa uwele unaninywesha mimi kwanza, eti ili ya kwangu yashuke. Unanikanda kifuani kwa kitambaa cha moto na kunipa umbea wa Chamwino nzima ili nisahau kuogopa. Unaniambia mwanamke akiogopa maziwa yanajificha. Nilikuwa najifanya msomi, nakucheka moyoni. Lakini nilikuwa nakunywa uji wako.

Siku ya sita asubuhi, mnamo saa nne, jua limeshapanda, Sista Agnesi alikuja wadini akakuita kwa jina lako lote, na jina la baba yako. Tukajua. Ulitoka pale ukiwa umenyooka, ukarudi umenyooka. Hukupiga kelele. Wazee wa kwenu walikuwa getini, mama mkwe wako na mwingine, wakamchukua mwanao kwenye kanga ya kijani wakaenda kumzika nyumbani. Wakakwambia fungasha twende. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu, nilikusikia kwa masikio yangu ukiwaambia daktari hajakuruhusu, damu bado nyingi. Hapakuwa na daktari aliyesema hivyo. Wala damu haikuwepo.

Saa sita kamili kijiko kikagonga kioo. Nikabaki nimekaa, kikombe mapajani, sikuthubutu kukutazama. Ukaja wewe ukakichukua. Mwanao ana saa mbili tangu atoke pale kwenye chupa, dada, na wewe umegeukia ukuta unamkamulia wangu. Ulipogeuka uso umeufuta, ukasema tu, "Kiberiti anangoja."

Akina mama wakakushauri ufunge kifua kwa kanga ili maziwa yakauke, ndivyo anavyofanywa aliyefiwa na mchanga. Ukawaambia utafunga kesho. Kesho yake ukasema kesho. Siku sita ulisema kesho. Mumeo alikuja na baiskeli mara mbili, mara zote mbili ukamrudisha na ule uongo wa daktari. Wamemaliza msiba wa mwanao bila wewe.

Mimi sikukuomba ubaki. Nimejitetea kwa neno hilo miaka yote, kwamba Zaina hakumwomba mtu. Ni kweli, sikukuomba. Lakini sikukwambia nenda.

Siku ya sita ya hizo, asubuhi, yakatoka. Machache, ya njano, yamefunika chini ya kikombe tu. Nilikushika mkono nikakuonyesha, ukapiga vigelegele mpaka Sista akaja kututukana. Ulizunguka wadi nzima na kikombe changu kama umeokota dhahabu. Mchana huo huo ukafunga kifua, ukafunga mzigo wako. Mimi ndiye niliyekwambia, kwa kinywa changu, "Arobaini yake uje, Chang'ombe ya hapa mjini, ulizia nyumba ya karani." Ukasema utakuja akishanona. Nikakusindikiza mpaka getini, ukanikataza kulia.

Hapa ndipo nilipozichana zile karatasi mbili.

Tulitoka hospitali mtoto akiwa na mwezi mmoja na siku mbili tatu. Mume wangu alikuwa amerudi, mama mkwe amekuja kutoka Kondoa na ndugu zake. Na huyu mama mkwe wangu, Salma anamjua bibi yake, ni mtu wa sauti. Kila aliyeingia pale nyumbani alipokelewa na habari moja, kwamba mkwe wake amemlea njiti kwa maziwa yake mwenyewe tangu siku ya kwanza, hakununua hata kopo moja, wasomi wengine waige. Nilimsikia mara ya kwanza nikataka kumsahihisha. Mara ya pili nikainamisha kichwa. Mara ya tano nilikuwa natabasamu. Nilizipenda zile sifa, Damari. Nilikuwa nimeshindwa kubeba mimba mpaka mwisho, na ghafla nimekuwa mwanamke wa kupigiwa mfano. Na nilijua jambo jingine ambalo wewe hukulijua, kwamba kwetu Waislamu aliyenyonyeshwa na mama mwingine anakuwa mwanawe, na wanawe wanakuwa ndugu zake. Nikitaja maziwa yako nimetaja ukoo. Na mama mkwe wangu siku zile alikuwa na mdomo juu ya Wagogo, Mungu amsamehe.

Arobaini ikafika. Ua umejaa, pilau imeiva, mtoto anapita mapaja kwa mapaja. Ukaingia wewe. Umevaa gauni la bluu la kanisani, miguu ina vumbi mpaka magotini, mkononi kibuyu cha samli na kishada cha shanga nyeupe. Ulikuwa umetembea sehemu kubwa ya njia, sikuhitaji kuuliza. Ukapita ukumbini ukatafuta uso wangu, ukanipata, ukacheka kwa meno yote.

Nikasema, "Karibu, mama." Mama! Kama nakuita muuza mchicha.

Wakakupa nafasi mkekani mwishoni. Mtoto akawa anakuja, anakuja, amebaki mtu mmoja afike kwako. Nikanyanyuka nikamchukua. Nikasema ana usingizi. Hakuwa na usingizi, na alipoona ananyang'anywa kutoka kwenye paja lenye joto akaanza kulia, kile kilio chake cha kipaka. Ndipo gauni lako la bluu likalowa. Upande mmoja, halafu wa pili. Wote waliona. Hukuwa na kanga ya kujifunika, uliitandika chini ya kibuyu. Ukaweka mikono kifuani, na maziwa yakapita katikati ya vidole.

Mama mkwe wangu akauliza, "Huyu dada ana mchanga nyumbani?"

Aliniuliza mimi, si wewe. Nikajibu, "Ndiyo mama, ana mtoto nyumbani."

Ulinitazama. Hukunikasirikia, na ningeweza kuishi na hasira yako. Ulinitazama kama mtu aliyeambiwa njia imefungwa. Halafu ukageuka kwa mama mkwe wangu, ukamjibu kwa heshima, "Ndiyo, shikamoo. Yuko nyumbani." Ukanyanyuka, ukasema jua linakwenda, ukaacha kibuyu na shanga zake pale mkekani. Hukula. Nilisikia mlango wa bati, nikamweka mtoto begani nikaendelea kupokea wageni.

Samli yako tulimkandia Salma miezi miwili.

Nilikuona mara moja tu baada ya hapo. Salma alikuwa na miaka minne, tuko sokoni, na wewe umetandika gunia chini unauza karanga. Nikamvuta mtoto mkono tukakatisha njia ya wauza vitenge. Nimejiambia miaka yote kwamba hukuniona. Uongo mtupu. Uliniona, ukainama kupanga mafungu ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Ulikuwa unanisitiri mimi.

Mwezi uliopita Sista Agnesi, ambaye sasa amestaafu, alinikuta pale pale sokoni. Akasema Damari amefariki, homa ya siku nne tu, anazikwa kesho. Hakusema zaidi, ila alinishika mkono kwa nguvu. Nikaomba ruhusa kazini. Nikamchukua Salma, nikamwambia tunakwenda kumzika mama mmoja niliyelazwa naye zamani. Angalia maneno hayo. Hata ulipokuwa kwenye jeneza nilikuwa bado nakuita mama mmoja.

Tukakaa nyuma, na akina mama wa kijijini kwako. Katekista akasoma wasifu wako, ulizaliwa wapi, ulibatizwa lini, uliimba kwaya. Akafika mwisho, akasema, "Marehemu ameacha mume na watoto watano." Nikashtuka. Nilijua binti yako mkubwa Perisi na wadogo zake watatu, ulinihesabia wadini kwa vidole. Nikadhani ulipata mwingine. Kisha wakaitwa watoto wa marehemu wapite kuweka udongo. Akapita Perisi, mtu mzima sasa, mgongoni ana mtoto wake. Wakapita wadogo zake watatu. Katekista akatazama karatasi, akatazama watu. Akasema, "Na wa tano?"

Mumeo alikuwa amesimama kichwa wazi, anatazama kule nyuma tulikokaa. Nikasikia mbuzi wa jirani. Walisubiri, Damari. Walisubiri muda wa mtu kuinuka, kujifunga kanga na kutembea hatua thelathini. Salma akaniinamia sikioni, "Mama, wa tano yuko wapi?"

Nikamwambia, "Nyamaza, watu wanazika."

Wakaendelea bila yeye.

Nilimwambia tulipokuwa tunatembea kurudi barabara kuu kungoja gari. Sijui kwa nini pale. Labda kwa sababu ya vumbi miguuni, nikakumbuka yako. Nilimweleza vikombe, na chupa, na kaka yake waliyelala pamoja, na gauni la bluu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja, "Alikuwa hapa siku zote? Hapa Chamwino?" Ndiyo, mwanangu. Hapa. Mwendo wa saa moja kwa gari. Akasema, "Na ulikuwa umekaa pale wakati wananisubiri." Siku tisa baada ya hapo alinipa shikamoo ya asubuhi na hakunipa neno jingine. Sikumlaumu. Anapika, anafua, anasoma, ananipita kama meza. Siku ya kumi nilimkuta ametoa zile shanga zako sandukuni kwangu, amezivaa mkononi, zimembana.

Nikaenda kwa mama mkwe. Miguu haimbebi tena, anaishi nasi, alikuwa anachambua maharage uani. Nikakaa chini mbele yake nikasema yote, nangoja aninyanyue na matusi. Hakuacha hata kuchambua. Akasema, "Wewe Zaina ulidhani sisi wote vipofu? Mama mwenye mchanga wa siku arobaini anakuja mguu kutoka kwao mgongo mtupu? Nilikuuliza ili useme."

Nilikuuliza ili useme! Astaghafirullah. Kumbe ua mzima uliona ule mgongo. Kila mwanamke pale alijua yule hana mtoto nyumbani, na alijua maziwa yale yamemjua nani. Mlango ulikuwa wazi, mama mkwe mwenyewe ameufungua, na mimi nikaurudishia usoni kwako. Nikamuuliza, na Wagogo wake aliokuwa akiwasema? Akatupa haragwe bovu, akasema, "Nilikuwa na mdomo. Lakini nilikuwa na macho pia." Halafu akalia, yule mwanamke wa sauti, akalia bila sauti, akaniambia siku zote alikuwa anangoja urudi ili akukande miguu kwa maji ya moto.

Mume wangu nilipomwambia aliuliza kama mumeo anavuta tumbaku ya kusaga au ya kuviringisha. Ndiyo namna yake. Shehe naye nilimwendea. Aliniuliza alikunywa mara ngapi. Nikamwambia siku kumi, mara nane kwa siku. Akasema hapo hakuna cha kuuliza tena, huyo ni mama yake, na Perisi ni dada yake, na usichelewe.

Basi Jumapili iliyopita nilikuja peke yangu kwa mumeo. Nilitembea kutoka barabarani, kwa makusudi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, na kabla sijafungua kinywa akaniita kwa jina. Akamwita Perisi. Nikapiga magoti nikawaambia ni mimi niliyekaa kimya pale makaburini. Perisi akasema, "Tunajua. Mama alitwambia tunaye mdogo wetu mjini. Tulikuwa tunamsumbua twende tukamwone, anasema mama yake atamleta mwenyewe siku akiwa tayari." Kisha akaingia ndani akatoka na kibuyu kidogo cha karanga. Akaniambia kila mavuno ulikuwa unajaza kibuyu kimoja unakiweka juu ya dari, cha Kiberiti, hakuna wa kukigusa. Mvua mpya zikianza hajaja, mnakila, na unajaza kingine. Hiki ni cha mwaka huu.

Miaka kumi na mitano ulinisubiri niwe tayari. Mtu hapaswi kusubiriwa namna hiyo, dada. Ungekuja ukanitukana mlangoni, ukaniaibisha mbele ya mtaa, labda ningepona. Nakulaumu kidogo kwa hilo, nisamehe. Naona nimekosa wa kulaumu nikakushika wewe tena.

Kile kibuyu sikukichukua. Nilimwambia Perisi si changu, mwenyewe anakuja Jumamosi.

Naja naye. Anakuja na baba yake, na bibi yake tutambeba kwenye kiti. Nakuahidi hivi, na Salma anasoma ili awe shahidi: kila mavuno Salma atakuja kuchukua karanga zake kwa mkono wake. Perisi akiozesha, akizaa, akifiwa, sisi tuko mbele, si nyuma na wageni. Na mtu yeyote akiniuliza, ofisini, msikitini, sokoni, nitasema kwamba mwanangu alinyonya maziwa ya Damari, mimi yangu yalikuja baadaye. Nimeanza. Jana nilimwambia bosi wangu, hata hakuwa ameniuliza.

Mwanao wa kiume amelala pembeni yako, mumeo alinionyesha. Nimewaomba ruhusa tumpelekee na yeye udongo. Kwenye ile chupa alimpa Kiberiti nafasi, akabanwa yeye.

Pumzika, dada. Funga kifua sasa, Kiberiti ameshiba.

Salma, mwanangu, ukifika hapa acha kusoma. Mpe Perisi karatasi. Katekista atakuwa amesimama, nimeshaongea naye, atauliza tena lile swali lake. Usinitazame mimi. Inuka, pita mbele, chota udongo kwa mkono wa kulia, na umjibu.